Kupatana bei: neno hili limetoka wapi?

Mlangoni_Amu
Assalaam aleikum wanajamvi, na wengine wote hamjambo.

Kuna ubishi hapa kibarazani kwetu Langoni, Lamu, umelala na umeamka. Mwalimu mmoja kutoka bara, kijana mzuri tu, alisema Kiswahili hakina neno lake la kubagein, hiyo "bargain" ya Kiingereza, ndiyo maana kila mtu siku hizi anasema "kubagein". Mzee wetu akamjibu: lipo, ni kupatana. Mwalimu akasema kupatana ni kukutana. Wa tatu akaingilia kati akasema hata hiyo bei mnayopatana ni ya Waarabu, kwa hivyo nyamazeni nyote. Kahawa ikapoa.

Nimeona nilete huku, maana humu kuna wajuzi. Lakini kwanza niseme ninavyoliona mimi.

Bei ni kweli imetoka Kiarabu. Kule ni "bay'", na ile herufi ya mwisho ni ayn, ambayo ulimi wetu huimeza tu. Ndivyo tulivyofanya na "rub'" ikawa robo. Na ile "ay" yao sisi huigeuza: "dayn" imekuwa deni, "bay'" imekuwa bei. Hapo hapana ugomvi.

Sasa sikilizeni. Mwarabu akisema "bay'" hasemi bei. Anasema kuuza, mauzo, lile tendo lenyewe. Ukitaka kumuuliza bei utamwambia "thaman" au "si'r". Sisi tukachukua "bay'" tukaifanya kiasi cha pesa, na "thaman" tukaipeleka kwenye thamani, yaani ule ubora unaofanya kitu kistahili pesa hizo. Tumehamisha vyombo vya watu ndani ya nyumba yetu, kila kimoja tumekiweka tunapotaka. Tajiri kwao ni mfanyabiashara hata awe auza njugu, kwetu tajiri ni mwenye mali hata asiuze kitu. Rahisi kwao ni kitu cha bei ya chini basi, kwetu hata mtihani huwa rahisi. Na duka ndilo lanichekesha zaidi: kwao ni "dukkan". Wazee wetu waliposikia ile "-ni" mwishoni wakadhani ni ile ya nyumbani na sokoni, wakaing'oa, likabaki duka. Kisha ukitaka kusema ndani yake unairudisha: dukani.

Kwa hivyo soko, duka, bei, ghali, rahisi, faida, hasara, bidhaa, deni, rasilimali, hayo yote yalikuja na upepo wa kaskazi. Lakini tazama vitendo. Kuuza, kununua, kulipa, kukopa, kupima, kupunguza, kuongeza, kupatana. Hamna Kiarabu humo. Vitu vya sokoni vina majina ya wageni, na kazi ya sokoni tunaifanya kwa maneno yetu wenyewe.

Na kupatana sasa. Pata, ukatia "-ana". Pigana, pendana, onana, patana. Ukimwambia mtu "nimepatana bei" ukanyamaza, atakuuliza: na nani? Hilo ni neno la watu wawili. Mmoja peke yake aweza kupunguza, aweza kutaja, aweza kuuliza, lakini hawezi kupatana.

Halafu liko hili ambalo yule mwalimu hakuliona. Anasema hata kama ni kwa bei, kupatana ni mwisho wa mambo, mkishakubaliana, kwa hivyo ule mvutano wa kabla hauna jina. Si kweli. Viambishi vya wakati ndivyo vinavyofanya kazi hiyo. "Wanapatana bei" maana yake bado wanavutana, usiwaingilie. "Wamepatana" maana yake mzigo unafungwa. "Hawakupatana" kila mtu amekwenda zake. Na "hawapatani" hao wana lao la zamani, halihusu samaki. Neno moja tu. Kwa nini nikope lingine?

Nasubiri wajuzi.


NairobiHadiAmu
Habari zenu. Mimi nami ni wa bara, si yule mwalimu, lakini tuko kikundi kimoja. Nimefanya kazi huku Lamu muda kiasi na hili neno limeshaniingiza shimoni.

Nairobi "tupatane" ni tuonane. "Tupatane saa nane pale kwa stage." Hakuna mtu anafikiria pesa. Sasa nilipanga na nahodha mmoja anivushe mimi na wageni wangu kutoka Mokowe, gati la upande wa bara. Bei tulishasemezana kwa simu na nilikuwa nimeridhika. Usiku nikamtumia ujumbe: "Tupatane Jumamosi asubuhi Mokowe." Jumamosi nikafika na wageni na masanduku, nikamkuta amekaa kitako amekunja miguu, mashua haina hata mafuta. Ananiambia, "Haya dada, sema yako." Alielewa kwamba ile bei ya simu nimeikataa na nataka tuanze upya! Na yeye hangetia mafuta kwa safari ambayo haijakubaliwa.

Nililipa zaidi. Wageni walikuwa wananitazama.

Lakini nauliza: kama neno lina maana mbili ndani ya nchi moja, nani ana haki? Sisi wa bara tuko wengi kuwashinda.


Mlangoni_Amu
@NairobiHadiAmu pole dada. Huku sema "tukutane" au "tuonane", mashua utaikuta imetiwa mafuta. Haki hamkosi, maana ukimpata mtu nawe akakupata, si mmepatana? Maana yenu haikutoka mbali. Ila msituambie yetu haipo.


Kadzo_Malindi
Salamu kutoka Malindi. Mlangoni umesema vizuri ila kuuza umeipita mbio, na hapo ndipo penye utamu.

Sisi Wagiriama kununua ni kugula, na kuuza ni kuguza. Yatazame hayo mawili pamoja. Kama lala na laza: kulaza ni kumfanya mtu alale. Basi kuguza ni kumfanya mtu agule. Kuuza ni kumfanya mwenzako anunue! Kiswahili kimeangusha ile "g" kikabaki na uza, na mwenziwe gula akapotea, nafasi yake ikachukuliwa na nunua. Ndiyo maana ukitazama kwa Kiswahili peke yake huoni kwamba kuuza kulikuwa na ndugu wa tumbo moja. Waganda nao wananunua kwa kugula, na ukienda Malawi utaisikia pia. Hilo neno ni la zamani kuliko Lamu na Malindi zote mbili.

Kwa hivyo Mlangoni, ukisema kupatana ni neno la watu wawili, nami nakwambia hata kuuza lilikuwa na watu wawili ndani yake tangu mwanzo. Muuzaji hawezi kuuza mpaka mwenzake amefanywa anunue.

Kanisani nako tunalo hilo la kupatana. "Mpatanishwe na Mungu", Wakorintho wa pili. Na redioni asubuhi kuna Patanisho, mume na mke wanapigiwa simu nchi nzima ikisikiliza. Neno moja limebeba Mungu, ndoa na fungu la nyanya.

Na huku kwetu ufukweni watu wanapatana kwa Kitaliano. Si mzaha. Vijana wa vinyago na mikufu wanakijua Kitaliano cha bei kuliko wanavyojua Kiingereza, maana Wataliano ndio wamejaa Malindi. Kijana hajakanyaga shule ya lugha lakini akisikia "troppo" anajua ameambiwa ni ghali, na jibu analo mdomoni. Wageni kwetu si jambo geni, Vasco da Gama alitia nanga hapa 1498 na Mfalme wa Malindi akapatana naye, wakati Mombasa walikuwa wameshamkataa.


Mtanga_halisi
Wakuu, Tanga hapa, naweka kiti.

Huku Tanzania kwenye matangazo ya viwanja na magari utaona "bei maelewano" au "maongezi yapo". Ukiona "haina maongezi" ujue muuzaji ameshachoka na watu. Kupatana bei tunalo na mtu wa kawaida analielewa, sijamsikia mtu mzima akisema kubagein. Hilo ni la kwenu Kenya, mtajijua.

Na maneno yetu ya pesa nayo yana safari zake. Hela ilitoka kwa Mjerumani, sarafu yake ya Heller, aliileta wakati nchi iko chini yake. Pesa ni Mhindi. Fedha ni Mwarabu, na maana yake ni ile madini yenyewe. Lakini mkuu Mlangoni, umesahau neno moja la asili linalohusu bei na halina upatanifu wowote: kulangua. Kununua mzigo wote kwa bei ya chini, ukaufungia, ukauza kwa bei ya kukomoa. Mlanguzi. Siku hizi vyombo vya habari vimelifanya la dawa za kulevya tu, lakini wazee walikuwa wakimwita hivyo mtu wa mchele.


Maalim_Mstaafu
Waleikum salaam warahmatullah.

Mwanangu Mlangoni umenifurahisha, na wewe Kadzo umenifundisha. Niongeze upande wa Kiarabu, maana nimesomesha miaka na naona mmeishia mlangoni.

Ni kweli bay' si bei. Ushahidi mwepesi uko katika Qur'ani, sura ya pili aya ya 275. Mwenyezi Mungu amehalalisha bay' na akaharamisha riba. Tazameni tafsiri za Kiswahili: wameandika "biashara". Hakuna aliyeandika "amehalalisha bei", maana msomaji angecheka. Na hiyo biashara yenyewe ni bay' tena, ikiwa imeshikana na "shira", yaani kununua. "Bay' wa shira", kuuza na kununua. Ukilitamka haraka haraka mara kadhaa utalisikia. Kwa hivyo neno lile liliingia kwetu kwa milango miwili: kwa mlango mmoja likawa bei, kwa mwingine likawa biashara.

Baadhi ya mafakihi wa kale, wajuzi wa fiqhi yaani sheria ya Kiislamu, walisema bay' imetokana na "ba'", yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, ile tunayoiita pima, kwa sababu kila mmoja ananyosha mkono kutoa na kupokea. Neno lao jingine la kufunga biashara ni "safqa", na asili yake ni mlio wa kiganja kupiga kiganja. Utaona kwamba Waarabu nao walikuwa wakitazama mikono ya watu wawili.

Lakini lile hasa mnalolitafuta liko sura ya nne, aya ya 29. Msiliane mali zenu kwa batili, isipokuwa iwe biashara "an taradhin minkum", kwa kuridhiana wenyewe. "Taradhin" hiyo si ridhaa ya mtu mmoja. Imejengwa kwa umbo linalotaka wawili, kila mmoja amridhie mwenziwe. Sasa rudini kwenye "-ana" ya Mlangoni. Kiarabu kimetia alifu katikati ya neno, Kiswahili kimetia "-ana" mwishoni, na kazi ni ileile. Mtu wa Lamu aliyesilimu karne nyingi nyuma hakuhitaji kukopa neno hapo, kwa sababu alilokuwa nalo lilitosha. Hayo ni maoni yangu, asiyekubali na aseme.

Kuvutana bei kuna jina lake katika fiqhi, "musawama", na ni halali bila shaka. Lakini kuna mipaka. Ukimkuta ndugu yako anapatana na mwenye mali, na wameshakaribiana, usiingie na bei yako. Mtume (s.a.w.) amekataza. Vile vile amekataza kupandisha bei ya kitu usichokitaka ili kumtia mwingine mtegoni. Wanaoweka watu wao mnadani wajitazame.

Na mkishapatana, bado mnayo hiari maadamu hamjaachana. Hadithi hiyo ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim. Khiyari hiyo ndiyo hiari yetu ya kila siku. Mnunuzi akigeuza mawazo yake na bado yuko palepale mbele ya muuzaji, anarudisha bila lawama.

La mwisho, nimeona halikutajwa: arubuni, au rubuni. Pesa unayotanguliza ili kitu usiwekewe mwingine. Kiarabu ni "arabun", na ni neno la kale sana, Waebrania walikuwa nalo, Wagiriki wakalichukua kutoka kwa Wafinisia na majirani zao wa Kisemiti, na hadi leo Wafaransa wanaita malipo hayo "arrhes". Kwetu likatoa kitenzi: kurubuni, kumvuta mtu kwa ahadi mpaka aingie. Nadhani waliolipa arubuni ya viwanja wanalielewa bila kamusi.


NairobiHadiAmu
Maalim shikamoo. Hiyo ya kiwanja imenipata kifuani.


Mtanga_halisi
Maalim marahaba zako nyingi. Sasa nina swali la kizembe: Mushtarii, ile sayari kubwa, na mshitiri, mnunuzi. Ni neno moja?


Maalim_Mstaafu
Ni moja. "Mushtari" kwa Kiarabu ni mnunuzi, na ndilo jina la sayari hiyo pia. Usiniulize inanunua nini huko juu.


Binti_Mkomani
Mmeongea sana wanaume na hamna aliyesema bei ilikuwa ikipatanwa wapi. Mnasema sokoni, sokoni. Nyumba za mawe za Mkomani hapa Lamu, wanawake wengi wa zamani sokoni hawakuenda. Alitumwa mtoto, au mchuuzi alipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na vijia vyake akiita, akaitikiwa kutoka ndani, akaingia dakani, ukumbi wa mlangoni, akakaa kwenye kiti cha mawe. Mlango umeegeshwa. Mwanamke yuko nyuma ya mlango, haonekani, na sauti yake inatoka tu.

Bibi yangu alikuwa fundi wa hayo. Mchuuzi akisema bei, bibi kimya. Kimya kile chenyewe kilikuwa kinampunguza. Kisha: "Shuka tini." "Mama, nimeshashuka tini mpaka nimefika pwani." "Basi panda mashua." Hapo sote ndani tunaziba midomo kwa leso. Mwisho bibi anasema moya tu, bei yake, harudii, na mchuuzi anajibu "haya, eta", yaani leta. Mtoto anatoka na pesa anarudi na mtungo wa samaki.

Wala hakuna aliyeita jambo hilo kupatana wakati linatendeka. Ilikuwa "namsikiza mwenye samaki". Baadaye mama akiuliza, ndipo bibi aseme "tumepatana". Kwa hivyo Mlangoni, "wanapatana" yako mimi naiwekea alama ya kuuliza. Kwetu ni "tumepatana" zaidi.

Na hilo la hiari ya Maalim tulikuwa nalo kwa upande mwingine: ukitaja bei mwenyewe na mchuuzi akaikubali, umenunua. Ukirudi nyuma, jina lako limekwenda mtaani kabla ya magharibi. Ndiyo maana bibi alikuwa hataji mpaka ameshaamua.


Mlangoni_Amu
@Binti_Mkomani dada yangu, hapo sikubishii kwa bibi yako, nani ataweza. Lakini sikiliza watu wa forodhani asubuhi samaki wakishuka. "Wamo wanapatana" utaisikia. Labda ni tofauti ya nyumba na forodha.

Na lile la kutaja bei ni kweli kabisa. Mgeni huja akauliza bei ya kofia, akaambiwa, akataja nusu yake kwa mchezo, mwenye kofia akasema chukua, mgeni akacheka akaondoka. Yeye amecheza. Mwenzake amemwona muongo. Hasa akiwa ndiye wa kwanza asubuhi, wa kufungua biashara. Huyo wa kwanza watu humpunguzia kwa makusudi ili asiondoke mikono mitupu, kwa hivyo ukimchezea umemharibia siku.


MkweliMchungu
Nimesoma yote. Mnajifurahisha. Lugha yenu nusu yake ya Waarabu, "-ana" mnaifanya muujiza. Kila lugha ya Kibantu ina "-ana". Na hao vijana wataendelea kusema kubagein na hamtawafanya kitu. Hata hao Waingereza hawakulizaa, walilitoa kwa Wafaransa wa zamani.


Kadzo_Malindi
@MkweliMchungu kila lugha ya Kibantu ina "-ana", sawa, ndiyo hoja yenyewe! Ni yetu. Na kama Waingereza walikopa kwa Wafaransa na hawakuaibika, Waswahili waaibike kwa bei? Wacha vijana waseme kubagein wakiwa Nairobi. Wakija sokoni Malindi na hiyo "bagein" yao, mama wa mchicha anajua kwamba amepata mtu wa bei ya juu. Neno lako ndilo linalokutaja unatoka wapi, na bei inafuata hapohapo.


Dalali_wa_Shela
Wapendwa, nimeona mnamtaja kila mtu isipokuwa mtu wa katikati. Mimi ni dalali, sioni haya.

Dalali ni Kiarabu, "dallal", na dalili ni ndugu yake. Asili yake ni kuonyesha njia. Dalili ya mvua inakuonyesha mvua inakuja, dalali anakuonyesha nyumba. Sasa katika mapatano ya watu wawili mnayoyasifu, yuko wa tatu ambaye hatajwi na ndiye anayehangaika. Mwenye nyumba anataka yake, mnunuzi anataka yake, na hao wawili wakikutanishwa mapema huchukiana. Nimeona. Mimi huwaweka mbalimbali mpaka bei zimekaribiana, kisha nawaleta wapeane mikono. Kwa hivyo Kiswahili sahihi ni kwamba mimi nawapatanisha. Hilo ndilo jina la kazi yangu, udalali ni jina la malipo yangu tu.

Mnada nao uko upande wetu. Kunadi ni kuita kwa sauti. Zamani hakukuwa na karatasi wala simu, mnadi alitembea mjini na kitu mkononi akiita bei, nayo ikipanda kutoka kibaraza hadi kibaraza.

Na mnajua kinachoua kupatana? Si Kiingereza. Ni kile kibandiko cha bei. Duka lenye vibandiko halina mazungumzo, bei mkataa, unachukua au unaacha. Watoto wanakulia humo. Wakija kwenye fungu la embe wanasimama kama wamepigwa na butwaa, hawajui waanzie wapi, wanalipa kilichotajwa. Nilimwona mmoja juzi analipa bei ya kwanza. Ya kwanza! Muuzaji mwenyewe alisikitika, maana alijiandaa kwa mazungumzo na hakuyapata. Akamwongezea embe mbili bila kuombwa.


NairobiHadiAmu
@Dalali_wa_Shela huyo si mimi, apana. Lakini kweli hakuna aliyetufundisha. Nisaidieni kwa vitendo: nikifika kwa muuza samaki nianze vipi bila kuonekana mgeni?


Binti_Mkomani
Salimia kwanza. Si "samaki ngapi". Uliza hali yake, uliza bahari. Kisha uliza "hawa kiasi gani", usiguse. Akitaja, usishtuke kwa sauti, hiyo ni ya televisheni. Sema "nifanyie wepesi" kisha nyamaza. Usiseme mbovu mali yake, kusema mbovu hakupunguzi bei, kunamkera tu. Hata kama si mzima, mwambie "huyu wa jana, siyo?" kwa upole, atajua unajua. Ukitaja yako, iwe ni ile unayoweza kuilipa kweli.

Akikataa, shukuru uondoke polepole. Polepole. Ukiondoka mbio ataamini kwamba umekataa kweli.


Mtanga_halisi
Binti Mkomani andika kitabu, arubuni natoa mimi.


Fundi_Boriti
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa Matondoni. Hamjagusa mali ambayo Lamu iliuza sana, boriti za mikoko. Huko bei haikuwa ya mti mmoja. Ilikuwa ya korija. Korija ni ishirini. Neno la bahari hili, Wahindi wana "kori", Wareno walikuwa na "corja", wote ishirini. Majahazi ya Arabuni yalipokuja kupakia, watu walipatana kwa korija, na kila unene una jina lake na bei yake, kuanzia mwembamba: fito, pau, mazio, boriti, nguzo.

Sasa ubishi mkubwa wa kule haukuwa bei, ulikuwa hesabu na unene. Mmepatana bei ya boriti, halafu ndani ya korija unakuta mazio tatu zimejificha katikati. Hapo ndipo mtu hujua kama mmepatana au mmesemezana tu. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa hapatani bei mpaka ameufungua mzigo na kupitisha mkono kila mti.


Mtanga_halisi
Na sasa korija bado ni ishirini huko?


Fundi_Boriti
Ishirini. Lakini hesabu mwenyewe.


Dalali_wa_Shela
Au uje na dalali.


Binti_Mkomani
Ndiyo, ili hesabu iwe ishirini na moja, mmoja wake.